Kabla hujajenga juu ya kichuguu kilichosawazishwa

Mlango wa chumba cha watoto wangu ulikuwa unakwama kila Januari, na Agosti unafunga vizuri kabisa. Mwaka wa kwanza nilimlaumu seremala. Akaja akaupiga randa. Kiangazi kilipofika mwanga ukawa unapita pembeni ya fremu. Mwaka wa pili nikauona ufa. Ulianzia kwenye pembe ya dirisha, ukapanda kama ngazi kwa kufuata viungo vya matofali mpaka chini ya bati. Kidole changu cha mwisho kiliingia.

Tulijenga komini ya Annexe, hapa Lubumbashi. Parsele, yaani kiwanja chetu, ilikuwa na kichuguu, vile vya huku kwetu ambavyo vingine hufika mita 8. Wafyatua matofali walikuwa wamekwisha kukichimba, wakasawazisha kitako kilichobaki. Sisi tukafurahi kupata kiwanja tambarare.

Fundi mmoja mzee niliyemwita baadaye hakuutazama sana ukuta. Alichimba shimo nje ya chumba cha watoto, kisha lingine upande wa sebule. Kwenye sebule jembe lilitoa udongo mwekundu wenye changarawe. Penye ufa ulitoka udongo wa kijivu, mzito, unaong'ang'ania jembe. Akaulowesha kidogo, akauviringisha viganjani ukawa kamba nyembamba isiyokatika.

"Mama, nyumba yako mguu mmoja uko hapa, mwingine uko pale."

Huo wa kijivu ndio udongo wa kitako cha kichuguu. Udongo wa mfinyanzi wa namna hii una chembe bapa, nyembamba mno, zilizolaliana. Maji yakipenya kati yake, udongo unavimba, yakikauka, unasinyaa. Sasa fikiria mji wetu: mvua kubwa kuanzia Novemba hadi Machi, halafu kiangazi cha miezi hata mitano. Kila mwaka upande mmoja wa nyumba yangu unanyanyuliwa na kushushwa, upande wa pili umetulia. Kingo ndizo zinazolowa kwanza, chini ya sakafu maji huchelewa kufika. Na nyumba ndogo kama zetu, zisizo na ghorofa, huumia zaidi kwa sababu hazina uzito wa kuukandamiza udongo unaovimba. Kwenye udongo mweusi wa dembo, yale mabonde yanayojaa maji wakati wa mvua, hatari ni ileile, pengine kubwa kuliko yangu.

Kwa hiyo unayetafuta parsele, nenda kaitazame Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa imekauka. Ukikuta imepasukapasuka vipande vipande, simama hapo kwanza. Waulize majirani kama palikuwa na kichuguu, na mahali gani hasa. Chimbisha mashimo kwenye pembe nne na katikati, ya mita 1.5 hivi, ni kazi ya kibarua ya siku moja. Saga udongo mkavu, ujaze robo ya chupa inayoonyesha ndani, weka alama, mimina maji mengi, uache hadi kesho. Udongo ukipanda kwa nusu ya kimo chake cha mwanzo au zaidi, usimwage simenti kabla hujamwona mhandisi. Huenda akakwambia uuzoe wote ujaze udongo mwekundu ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, au uteremshe msingi mpaka chini ambako unyevu haubadiliki, na ufunge kuta kwa mkanda wa zege wenye nondo. Ni gharama, najua. Mimi nimelipa zaidi.

Na uliyekwisha kujenga? Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba mara mbili kwa simenti, ukafunguka palepale, kwa sababu sikugusa maji. Bati langu halikuwa na mfereji. Chini ya dirisha nilikuwa na maua niliyoyamwagilia kila jioni kiangazi kizima, na mkaratusi ulisimama hatua nne kutoka ukutani, ukinyonya. Yule mzee alinikatalia kupiga plasta. Tuliweka mifereji, tukasakafia kuizunguka nyumba kwa mteremko wa kutoa maji nje, maua nikayahamisha. Mti tuliukata, kwa ushauri wake, kiangazi kikianza.

Kisha akachora mstari wa penseli kwenye kila ncha ya ufa, akaandika tarehe. Mistari ya miaka miwili ya kwanza inapandana ukutani kama vipimo vya urefu wa mtoto. Tangu Oktoba iliyopita ufa haujavuka mstari wake. Nangoja masika moja zaidi, ndipo nimwite mpaka rangi.