Dogo wa mwaka wa 4 anataka mshahara wa juu: umsaini sasa au usubiri? (mi nimeungua mara 2)

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Kwenye ligi yenu ya kikapu ya kompyuta (kila mtu anasimamia timu yake) una gadi wa miaka 23, yuko msimu wa nne na wa mwisho wa mkataba wa ruki (ule wa kwanza wa mchezaji mpya), anataka miaka 5 kwa mshahara wa juu kabisa unaoruhusiwa, dirisha la kuongeza mkataba linafungwa wiki ijayo na wenzako wote wanakwambia saini tu asije akakukimbia. Mi naona wanajibu swali ambalo hujauliza. Kwamba dogo ni mkali hakuna anayebisha. Ishu ni msimu ukiisha unataka kufanya nini na nafasi yako ya kepu, kwa hiyo kabla hujaangalia hata alama zake (namba za uwezo wake) kafungue kitabu cha sheria cha ligi yenu utafute kitu kimoja tu: kepu holdi ipo au haipo.

Kwa wasiojua, kepu ni ukomo wa mishahara ya timu, na ligi nyingi za hivi zinaiga ya NBA (ligi kuu ya kikapu Marekani) ambayo ni laini, yaani unaruhusiwa kuivuka ili umbakize mchezaji wako mwenyewe (ndo ile haki ya Bird, jina limetoka kwa Larry Bird) ila kumleta mtu wa nje kwa pesa ndefu lazima uwe na nafasi. Sasa mkataba wa mtu ukiisha hafutiki kwenye hesabu zako palepale, anaacha kivuli, kuna kiasi kinashikiliwa kwa jina lake mpaka umsaini au umwachie aende. Hicho kivuli ndo kepu holdi. Utamu wake uko hapa: kivuli cha dogo aliyetoka kwenye mkataba wa ruki kinapigwa kutokana na mshahara wake mdogo wa zamani, sio ule mnono anaoutaka. Ukimwongezea Oktoba, ule mnono unaingia vitabuni msimu ukigeuka tu. Ukisubiri kinaingia kivuli, unatumia nafasi iliyobaki kusajili mtu wa nje, af mwisho kabisa unamsaini dogo wako kwa kuvuka kepu na hakuna wa kukuuliza.

Hii sio nadharia. Timu ya Spurs walimfanyia nyota wao Kawhi Leonard, Oktoba 2014 dirisha lilifungwa bila mkataba wowote na watu wakashangaa, MVP (mchezaji bora) wa fainali anaachwaje hivi hivi? Julai 2015 kivuli chake kilikuwa kama dola milioni 7.2 wakati mshahara wa juu kwa umri wake kwenye ligi ulikuwa kama milioni 16.4, hiyo tofauti ya milioni 9 ikawasaidia kumpata LaMarcus Aldridge, halafu Kawhi akasaini miaka 5 yake kama kawaida. Sixers nao wakarudia na Tyrese Maxey: 2023 hawakumwongezea, 2024 kivuli kilikuwa kama milioni 13 badala ya 35, wakamchukua Paul George, Maxey akapewa miaka 5 kwa kama milioni 204. Hakupoteza kitu zaidi ya kukaa na presha mwaka mzima.

Mi nilifanya kinyume. Senta wangu aliomba mkataba siku ya kwanza dirisha limefunguliwa, nikaona sifa, nikamsaini usiku uleule nikaenda kutamba kwa wenzangu. Msimu ulipoisha fowadi niliyekuwa namtaka tangu anadraftiwa (anachaguliwa kuingia ligi) akaingia sokoni na mimi nimepungukiwa milioni 6 kumfikia. Milioni 6! Ningemwacha senta abaki na kivuli chake ningekuwa na nafasi mpaka inamwagika. Yule fowadi akaenda kwa mpinzani wangu wa kanda ile ile na mpaka leo tukicheza naye sitazami matokeo, nasubiri mtu aniambie.

Lakini sasa (hapa ndo wengi wanachanganya) hayo yote yana maana kama ligi yenu ina kepu holdi na ina haki ya kulinganisha ofa. NBA dogo aliyedraftiwa raundi ya kwanza akimaliza miaka yake 4 timu ikishampa ile ofa ya lazima anakuwa huru nusunusu, mwingine akimpa mkataba wewe una haki ya kuufikia ukabaki naye, ndo maana kusubiri hakuogopeshi sana. Programu nyingine hazina hivyo vitu. Ukicheza Basketball GM (mchezo wa kompyuta wa kusimamia timu ya kikapu) yenyewe bila sheria za kuongezea pembeni, hakuna kivuli wala kulinganisha, mkataba ukiisha hujamsaini na soko likafunguliwa basi ameenda, mnamgombania wote sawa. Kwa ligi ya namna hiyo ushauri wangu wote wa juu utupe, msaini mapema.

Na kwenye hiyo hiyo Basketball GM kuna mudi. Kila mchezaji ana tabia zake, kuna wa umaarufu, wa uaminifu, wa pesa na wa ushindi, na hizo ndo zinapima anaonaje timu yako. Akiwa na mudi nzuri anakubali chini kidogo, ikichafuka anapandisha au anakataa kabisa kukaa mezani. Bahati nzuri anayemaliza mkataba wa ruki anapewa nyongeza ya mudi kwa timu aliyonayo, hivyo mara yake ya kwanza kuongeza ndo rahisi kuliko zote zitakazofuata. Usiichezee. Wa ushindi msaini timu ikiwa inafanya vizuri, usingoje ichafuke ndo ukumbuke.

Tuje kwenye pesa yenyewe manake hapa watu wanaangalia mwaka wa kwanza wanaishia hapo. NBA kwa mchezaji wako mwenyewe nyongeza inafika 8% kila mwaka na inapigwa kwenye mshahara wa mwaka wa kwanza. Chukua kepu ni 100, dogo anachukua robo, yaani 25. Miaka inayofuata ni 27, 29, 31, 33. Kwenye NBA halisi kepu nayo inapanda kwa hiyo ule mwaka wa tano hauumi sana, kepu ikipanda 5% kwa mwaka itakuwa kama 122 na ile 33 ni kama 27% yake. Ila kama komishna wenu (msimamizi wa ligi) ameigandisha kepu, 33 ni 33%, theluthi ya timu nzima kwa mtu mmoja, na bado unatafuta wengine kumi na zaidi. Kepu ya ligi yetu imeganda misimu yote niliyocheza. Kwa hiyo mi siku hizi nikikaa mezani naomba mshahara ulio flati au unaoshuka kila mwaka kama sheria inaruhusu, niko radhi kuanza na 28 mwaka wa kwanza ambao nafasi ninayo kuliko kulipa 33 baadae (angalia tu kama 28 haivuki ukomo wa mshahara wa mtu wa umri wake).

Majeraha. Watu wataleta mfano wa Derrick Rose, alisaini miaka 5 Desemba 2011 akiwa MVP, Aprili 2012 goti likakatika, msimu wa kwanza wa ule mkataba hakucheza hata mechi moja. Au John Wall, kasaini 2017 mkataba unaoanza 2019, ulipofika muda wa kuanza yuko nje na kisigino. Sawa ni kweli, ila mbona hawasemi ya Stephen Curry wa Warriors? Oktoba 2012 vifundo vya miguu vinamsumbua, Warriors wakampa miaka 4 kwa milioni 44 wakati wengine wanaogopa, ndani ya mkataba huo akachukua MVP 2015 na 2016, na kwa sababu mshahara wake ulikuwa mdogo hivyo ndo wakapata upenyo wa kumleta nyota Kevin Durant 2016. Mi kwenye sim (hizi ligi za kompyuta) nawinda hao, dogo mwenye kipaji aliyetoka kuumia, mwenye presha ya kusaini kuliko wewe. Programu nyingi ikishapita jeraha anarudi karibu na alama zake na bei bado iko chini.

Kuungua kwangu kwa pili ni upuuzi tu, sina cha kujitetea. Tumechukua ubingwa, fowadi wangu mkongwe ana miaka 31, amenibeba mechi zote za mtoano, anaomba miaka 4. Nikampa kwa shukrani. Kompyuta haina shukrani aisee. Miaka 32 sawa, 33 zikashuka alama 4, 34 alikuwa anakaa benchi analipwa kuliko watu watatu wanaoanza, kumkata haisaidii kwa sababu pesa inabaki vitabuni, mwisho nikatoa machaguo mawili ya raundi ya kwanza (haki za kuchagua wachezaji wapya) ili mtu anichukulie mzigo. Tangu hapo kabla ya kusaini mtu naandika umri wake wa mwaka wa MWISHO, sio wa leo. Wako atakuwa na 28 mkataba ukiisha, kwa umri hana tatizo, hilo ondoa kichwani.

Af angalia saa ya dirisha mkuu. Ligi yetu komishna anachezesha siku 7 za mchezo kwa mkupuo, kuna jamaa aliandika ofa yake asubuhi, faili lilikuwa limeshapita ile tarehe usiku, akalia wiki nzima na hakurudishiwa.

Kwa hiyo ningekuwa wewe: holdi ipo na haki ya kulinganisha ipo na una mtu unamlenga sokoni, mwache dirisha lifungwe, mtumie ujumbe anayesimamia mchezaji (kama kwenu wanasimamiwa na watu) umwambie pesa yake ipo ila atasaini wa mwisho. Holdi ipo lakini huna wa kumlenga, msaini sasa ila pigania miaka 4 badala ya 5 au mshahara flati, usitoe vyote viwili. Holdi haipo, saini kesho asubuhi. Na kama hufiki bei yake kabisa muuze kabla ya tarehe ya mwisho ya kubadilishana, Thunder walivyoona hawaelewani na nyota wao James Harden Oktoba 2012 walimpeleka Houston siku chache kabla dirisha halijafungwa, tunawacheka mpaka leo ila walipata kitu mkononi.

Hujasema kepu yenu inapanda au imeganda. Weka na mishahara uliyonayo ya msimu ujao, nikipata muda jioni nikupigie hesabu.