Kifusi kitaondoa maji Vikokotoni?

SWALI: Assalaamu alaikum mhandisi. Nyumba yetu ya urithi ipo Vikokotoni, karibu na Darajani, Unguja mjini, na kila masika maji hutuingilia ndani. Amekuja mwekezaji anataka kuunganisha kiwanja chetu na vya majirani wawili ajenge ghorofa sita, chini maduka, nasi tupewe fleti. Anasema atainua ardhi mita moja kwa kifusi na maji yatakwisha. Ni kweli?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Maji ya juu ya ardhi yatahamia kwa jirani asiyeinua. Yaliyo chini ya ardhi hayaendi popote.

Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado tunaiita Creek Road, imepita palipokuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ulijazwa kwa awamu hadi miaka ya 1950. Ardhi ya kujazwa namna hiyo aghalabu ina tope chini yake, na maji yake hupanda na kushuka yakifuata bahari. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hufika karibu mita 4. Mvua kubwa ikikutana na maji yaliyojaa, mtaro hauna pa kumwaga. Ndiyo maana mvua ya asubuhi huweza kukauka upesi, na ya jioni, kiasi kilekile, ikafika sebuleni.

Msibishane na mwekezaji kwa maneno, pimeni. Chimbisheni shimo jembamba uani, mbali na karo la maji machafu, mtie bomba lenye matundu na kokoto pembeni. Pimeni kina cha maji kwa kijiti siku za bamvua, bahari ikijaa na ikipwa, kisha mrudie wakati wa maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo. Msishangae kijiti kikichelewa kuliko bahari, ardhini maji hutembea polepole. Kikipanda na kushuka, basi maegesho ya chini ya ardhi yasahauni, na karo lazima lijengwe lisilopitisha maji.

Kifusi chenyewe kina uzito. Mita moja hukandamiza tope, ardhi ikabonyea kwa miaka, na nyumba ya jirani iliyogusana nayo ikavutwa hadi ukuta ukapata nyufa za mshazari. Hapo ndipo kesi huanza. Ghorofa sita zisimame juu ya nguzo zinazofika tabaka gumu, na ripoti ya udongo itokane na matundu yaliyochimbwa katika viwanja vyote vitatu, kwani jiwe la matumbawe laweza kuwa karibu hapa na mbali pale. Mimi ningeinua sakafu ya maduka kwa baraza, ardhi nikaiacha ilivyo, na nikabakiza ua usiotiwa saruji. Bomba la kutolea maji liwe na kilango cha kuzuia yasirudi.

Siupingi mji kupanuka kuelekea Ng'ambo. Maghorofa ya Michenzani, huko Ng'ambo, yalikwishaanza zamani. Lakini Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, na urefu wa jengo jirani nao huulizwa. Msitie saini ya ghorofa sita kabla ya kibali. Ardhi Zanzibar ni mali ya umma, mlichonacho ni haki ya kuitumia, kwa hiyo mkataba useme fleti zenu zitasajiliwa kwa Sheria ya Kondominiamu ya 2010, inayohusu umiliki wa fleti mojamoja, na nani atalipia pampu ikiharibika.

Na fleti mkipewa ya chini, ombeni nyingine.