Chupa kwa chupa

Kuna watu wakikusaidia hubaki na kumbukumbu kali kuliko ya mkopeshaji. Ukiwauliza, watakuapia hawakudai kitu. Ngoja siku yao ifike nawe usionekane, ndipo utajua hesabu imeandikwa tangu lini. Tenda wema nenda zako tunaijua wote, ila wengi wetu tunaishia pale konani, tunachungulia.

Jambo hili mimi limeniingia zaidi kwenye kiti cha kuchangia damu kuliko kwenye mawaidha. Unatobolewa kidole kupima wekundu wa damu, unaulizwa maswali ya aibu kidogo, kisha unakunja na kukunjua ngumi huku mfuko ukijaa pembeni, kama mililita 450 hivi. Mfuko unabandikwa namba. Jina langu haliendi nao. Atakayewekewa hanijui wala simjui, na huenda ni mtu ambaye tukikutana njiani tusingeelewana hata kidogo. Akitaka kunilipa, aanzie wapi? (Soda ya baadaye siihesabu. Ile ni ya kukuzuia usianguke mlangoni.)

Sasa linganisha na utaratibu wa kurudishia, ambao bado upo katika nchi nyingi: mgonjwa wenu katumia chupa mbili, ndugu njooni mtoe mbili. Kwa kuutazama tu, hakuna haki kuliko hiyo. Lakini ndugu aliyebanwa, anayehofia mgonjwa wake asihudumiwe, hushawishika kuficha kwamba aliwahi kuugua homa ya ini, au humlipa mpita njia ajifanye shemeji. Si ajabu kwamba tangu mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani umezihimiza nchi zitegemee wanaotoa kwa hiari bila malipo. Asiyengoja kitu hana haja ya kudanganya.

Na huo usawa wenyewe ni wa idadi tu. Tangu Karl Landsteiner alipogundua makundi ya damu mwaka 1901, tunajua kwamba seli nyekundu za kundi A zinaweza kumuua mgonjwa wa kundi B. Tena kuna suala la wakati: chupa iliyopatikana usiku ule mama anavuja damu baada ya kujifungua haiwezi kufanana na ile inayorudishwa wiki tatu baadaye, mama akiwa nyumbani ananyonyesha. Ujazo ni uleule, lakini kwa huyo mama ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu kitu, amua unampa nini. Kama ni mkopo, sema ni mkopo na mtaje tarehe ya kurudisha. Hakuna aibu hapo. Kama umetoa, basi umetoa, hata akienda kukitumia kwa namna usiyoipenda. Kinachovunja undugu ni kile cha katikati, zawadi yenye kamba.

Wala kutoa bila malipo si kutoa bila kipimo. Wekundu wako ukiwa chini unarudishwa nyumbani, na hata mwenye afya hukaa miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa tena. Hakuna anayemwita mchoyo. Mfuko wako nao ukiwa umekauka, sema huna, usikope ili uonekane mwema halafu ukamnunie uliyemsaidia.

Kupokea ndiko kunakotushinda zaidi. Nilipouguliwa na mzazi, jamaa mmoja alikesha naye ili nipate usingizi. Asubuhi nikatoa bahasha, akairudisha mfukoni mwangu: "Ukinilipa, itakuwa uliniajiri." Ukimpata mtu wa hivyo, acha kutafuta cha kulinganisha. Mwambie ahsante, mfungulie mlango akalale, na mchana umpigie simu umweleze mgonjwa anaendeleaje.