Draya Inachelewa Kukausha? Fuata Kwanza Njia ya Upepo

Kwa muda wa miezi mitatu hivi taulo zangu hazikauki ila nizirudie kwenye draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, mara mbili, na hata hapo mapindo yanatoka mabichi. Zamani dakika 50 zilitosha. Nikaamini hita imechoka. Nikanunua mpya, ikafungwa, na jioni ileile nikatia taulo. Saa moja na nusu baadaye nikazishika: mbichi vilevile.

Ndipo nikampigia simu fundi mwingine. Habari za hita hakutaka kuzisikia.

"Dada, ukifungua mlango katikati ya kazi, nguo unazikuta za moto au za baridi?"

"Za moto, fundi. Za moto, lakini mbichi."

"Basi moto unao. Usichonacho ni upepo."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu najua wengi wananunua vipuri wasivyovihitaji kama nilivyofanya mimi. Kazi ya moto ni kuyageuza maji kuwa mvuke. Kuutoa huo mvuke nje ni kazi ya feni. Mvuke usipopata pa kutokea, hewa ndani ya pipa inashiba maji na haiwezi kupokea mengine, hata ukiipasha moto namna gani. Tena joto likizidi, thamostati, yaani kidhibiti joto, inaizima hita, inaiwasha, inaizima tena. Kwa hiyo hita yangu mpya ilikuwa inapumzishwa muda mwingi kuliko inavyofanya kazi.

Nikaanza na wavu wa kunasia manyoya ya nguo. Huo nilikuwa naufuta kila nikimaliza kukausha, na kwa macho ulikuwa safi kabisa. Fundi akaniambia niuweke chini ya bomba la maji. Maji yakatuama juu yake kama kwenye sahani! Ukitumia karatasi za kulainishia nguo, zinaacha utando usioonekana unaoziba matundu. Sugua kwa brashi laini na maji ya moto yenye sabuni, suuza, uache ukauke vizuri kabla ya kuurudisha. Kukausha bila wavu usithubutu, hata mara moja.

Kisha nikachomoa plagi, nikaivuta mashine kutoka ukutani. Hapo ndipo penyewe. Bomba la kutolea hewa lilikuwa la plastiki, la mikunjomikunjo, na mashine ilikuwa imelibana ukutani mpaka limekuwa bapa. Nilipolifungua nikaingiza mkono, nikavuta donge la kijivu, zito, laini kama kipande cha blanketi kuukuu, lina unyevu kwa ndani na linanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Likafuata jingine. Nikatoka nje kwenye mdomo wa bomba. Kile kifuniko chepesi kinachopaswa kufunguliwa na upepo kilikuwa kimegandishwa na manyoya yaleyale.

Niliogopa, na nakuomba nawe uogope. Manyoya hayo yanashika moto upesi sana, na yalikuwa yamerundikana pale panapopita hewa ya moto kila siku. Bomba la plastiki nililitupa siku hiyohiyo. Weka la chuma, laini kwa ndani, lenye upana ambao mtengenezaji ametaja (mara nyingi ni kama milimita 100), fupi kadiri unavyoweza na kona chache. Maungio yafungwe kwa utepe wa foili. Skrubu zenye ncha zinazotokeza ndani usizitumie, zitanasa manyoya upya. Kama draya yako ni ya gesi, kazi ya bomba mwachie fundi, maana hewa ile inaweza kuwa na kaboni monoksaidi, nayo inaua.

Taulo zilezile zikakauka kwa dakika 45.

Ukikuta nguo za baridi, hapo kweli chunguza hita au fyuzi ya joto, ile inayokata umeme mashine ikipata moto kupita kiasi. Lakini fyuzi hiyo mara nyingi hukatika kwa sababu njia ya hewa imeziba. Ukibadilisha fyuzi bila kusafisha bomba, itakatika tena.

Draya zisizo na bomba la nje zina kondensa, kifaa kinachopoza mvuke ukarudi kuwa maji, na katika nyingi unaweza kuitoa ukaisafisha kwa maji. Zile za pampu ya joto, zinazotumia tena joto lilelile badala ya kulitupa nje, hukausha kwa joto la chini, kwa hiyo kuchelewa kiasi si ugonjwa.

Halafu itazame na mashine ya kufulia. Kila lita 1 ya maji inayobaki kwenye nguo inahitaji zaidi ya nusu uniti ya umeme kugeuka mvuke. Kamua shati kwa mkono likitoka kufuliwa. Likidondosha maji, usiilaumu draya. Na usishindilie nguo. Zikikosa nafasi ya kuanguka na kupinduka, hewa inapita pembeni, za katikati zinabaki mbichi.

Siku hizi, mara moja kwa mwezi draya ikiwa kazini, natoka nje naweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Upepo ukinigonga kwa nguvu na kifuniko kimefunguka chote, narudi ndani. Ukiwa mdogo, naizima, nachomoa plagi, naivuta kutoka ukutani.