Kubendi noti kwenye harmonika: nguvu weka pembeni, hangaika na ulimi

Hii ni kwa nyie mnaoanza, hasa wanakwaya wa hapa Mwanza mnaoniulizaga mbona noti haishuki mkijaribu kubendi, yaani kuishusha noti chini ya sauti yake ya kawaida. Kwanza angalia umeshika harmonika gani. Ile ndefu yenye safu mbili za matundu, sauti inatetemeka, ni tremolo, hapo utateseka bure. Kubendi kunataka tundu moja liwe na ridi mbili (vile vipande vyembamba vya shaba vya ndani), ya kupuliza na ya kuvuta, zisaidiane. Tafuta ya matundu 10, anza na ya ufunguo wa C.

Mimi nilianza vibaya. Nikitoka kazini mwaloni Kirumba nakaa juu ya jiwe pale ziwani, navuta kwa nguvu kama mtu anayekunywa uji wa moto, tundu la 4 linakwaruza tu, naongeza nguvu, mwisho ridi ikachoka ikawa inalia chini ya noti yake hata nikivuta kistaarabu. Hela ikaenda na iliniuma sana.

Kilichonifungua ni mluzi. Piga mluzi kama wa kuita ng'ombe, anzia juu ushuke taratibu, sikilizia ulimi: unarudi nyuma, mdomoni panapanuka. Sasa rudia mluzi huohuo ila kwa kuvuta hewa ndani. Ukiweza, peleka hivyohivyo kwenye tundu la 4, ulimi utoke kwenye "iii" uende "ooo", midomo na mashavu vitulie, na pua ifungwe kwa ndani maana hewa ikipitia puani noti haishuki hata ufanyeje.

Halafu jua inashuka mpaka wapi, hapa nyie wa do re mi mna faida kubwa. Kwenye matundu ya 1 mpaka 6, noti ya kuvuta inaishia nusu toni juu ya ile ya kupuliza ya tundu hilohilo. Tundu la 4 ukivuta ni re, ukipuliza ni do, kwa hiyo unapata nusu toni moja tu. Tundu la 6 vilevile, noti ya la juu ya so. La 5 ni fa juu ya mi, hakuna nafasi pale, usipigane nalo. La 2 linatoa mbili. La 3 ndo lenyewe, ti juu ya so, nusu toni tatu, na ile ya katikati, noti ya la, wengi wanairuka wanajikuta chini kabisa wanadhani wamefika.

Tyuna (programu ya kupimia noti) ya kwenye simu inasaidia kuhakiki, ila sikio ndo liongoze, kwa hiyo hiyo noti ya la iimbe kwanza ndo uivute. Mimi huwa namwomba mwenzangu wa sauti ya pili aishikilie hiyo noti ya la, mi nashuka polepole kutoka ti mpaka sauti zetu mbili ziache kugombana, tunarudia hata mara ishirini mpaka kigiza kinaingia.