Mtoto wa miaka tisa na nguruwe pori wa vinamasini Texas: uzoefu wangu

Mkuu, umeuliza kama mtoto wa miaka tisa ni mdogo mno kwenda naye kuwinda nguruwe pori kwenye vinamasi vya pwani ya Texas, uanzie wapi, na umvalishe buti gani. Mimi nilimpeleka binti yangu akiwa na umri huohuo, kwenye mashamba ya mpunga ya kaunti ya Chambers, mwendo wa saa moja hivi mashariki mwa Houston. Umri si tatizo. Tatizo ni sisi wazazi kutaka mtoto afyatue risasi siku hiyohiyo. Safari ya kwanza asishike bunduki kabisa. Aende kuona, kunusa na kusikiliza, na akisema "Baba, turudi", mnarudi.

Kwanza karatasi, maana wengi wetu tuko huku kwa viza. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi au mfanyakazi, kuwa na bunduki au hata risasi. Mojawapo ya mambo yanayomtoa kwenye katazo hilo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Sasa hapo ndipo watu wanaponaswa: tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni kwa anayewinda nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ruhusa ya mwenyewe. Rafiki yako raia atakuambia leseni ya nini, naye kwa upande wake anasema kweli. Wewe wa viza kaikate. Asiye na karatasi kabisa asiguse silaha hata ya kuazima, kwa sababu yeye hiyo leseni haimwokoi. Hili nalisema kwa uchungu, kwani mtu anaweza kupoteza maisha yake yote ya huku kwa jioni moja ya porini.

Sisi tuliokulia Ifakara tunamjua nguruwe pori kwa hasara. Mpunga ukianza kukomaa watu wanahamia dunguni, debe linapigwa usiku kucha, na bado asubuhi unakuta jaruba limelazwa chini. Nguruwe wa Texas si yule wetu. Huyu ametokana na nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania wakazagaa porini, kisha miaka ya 1930 wenye mashamba wakaleta nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya uwindaji, wakachanganyika. Ila kazi yake ni ileile. Anafukua tuta la jaruba akitafuta mizizi na wadudu, maji yanavuja, na mkulima amepoteza. Mwonyeshe mtoto tuta hilo mchana, kabla ya jambo lingine lolote. Binti yangu alisimama pale akatia mguu kwenye shimo lililofukuliwa, likamfika gotini, akaelewa mwenyewe kwa nini mzee mwenye shamba alitufungulia geti.

Nenda Januari au Februari. Wakati wa joto vinamasi vile si mahali pa mtoto: mbu, sisimizi wekundu wanaojenga vichuguu kwenye matuta na kung'ata kwa makundi, nyoka wa majini mwenye sumu ambaye akikasirika anaachama na kuonyesha kinywa cheupe, na mamba. Baridi inawatuliza wote hao, ingawa haiwaondoi. Mtoto akanyage pale ulipokanyaga wewe, asitie mkono mahali asipopaona, na asikae ukingoni mwa maji. Mvalishe fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa hata kama ni shamba la mtu. Nguruwe hategemei macho, anategemea pua, na msimu huo kunaweza kuwa na wawindaji wa bata jirani yenu. Vifunika masikio avae kabla hata bunduki haijatolewa kwenye gari.

Muwe watu wazima wawili. Mimi nilikwenda na shemeji yangu. Mmoja ana bunduki, mwingine ana mtoto na hana kazi nyingine. Ukiwa peke yako, usimpeleke.

Tulikaa nyuma ya matete, upepo wa kutoka Ghuba ya Meksiko ukitupiga usoni. Kaa hivyo kila mara: upepo utoke kwa nguruwe uje kwenu, la sivyo mtakesha bure. Utawasikia kabla ya kuwaona. Tope linanyonywa, "chwap, chwap", nyasi zinakatika, kisha harufu kali inakuja. Lilitangulia jike na watoto wake, wenye michirizi mgongoni, wakipita juu ya tuta kwa mstari mmoja. Binti yangu akanishika mkono wa koti. Sikupiga. Nilikuwa nimeshamwomba mzee mwenye shamba mapema kwamba nikiwa na mtoto sitapiga jike lenye watoto, na akakubali, ingawa kwake kila nguruwe anayepona ni hasara ya kesho. Najua wapo watakaoniambia nimefanya kazi nusu. Lakini mtoto akianza na picha ile ya watoto wanaozunguka maiti ya mama yao, hutamrudisha tena porini, na mimi sitamlaumu.

Dume lilikuja baadaye, peke yake, likasimama ubavu. Hapo ndipo pa kupiga: begani, limetulia, na nyuma yake pana ardhi, si maji wala barabara. Kama halijasimama hivyo, acha. Nikapiga, likalia. Mlio wa nguruwe aliyejeruhiwa unafanana sana na wa mtu, na hili mwambie mtoto nyumbani, kwa maneno yaliyonyooka, asije akalijua kwa kushtukizwa. Likaingia kwenye matete. Mtoto akabaki na mjomba wake juu ya tuta, mimi nikasubiri kimya kirefu kisha nikalifuata polepole peke yangu, maana dume lililojeruhiwa ndani ya matete linageuka na kushambulia, na meno yake yanakata nyama ya mguu.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Baba, limeumia sana?" Nikamjibu ndiyo, liliumia, halafu likafa. Usimdanganye mtoto kwamba mnyama hakusikia kitu. Amesikia mlio kwa masikio yake.

Kuchuna, mtoto atazame kwa mbali. Nguruwe hawa wanabeba bruselosi, ugonjwa wa bakteria ambao humwingia mtu kupitia damu na majimaji ya mnyama, hasa kwenye mikwaruzo, kwa hiyo vaa glavu, na nyama ipikwe hadi ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Kugandisha kwenye friza hakuui bakteria hao. Kwa ndugu zangu wasiokula kitimoto, kubalianeni na mwenye shamba mapema nani atachukua mzoga, usije ukaachwa unaoza.

Bunduki itakuja kwa wakati wake. Texas inatoa cheti cha mafunzo ya uwindaji kuanzia miaka tisa, kwa hiyo akitaka kuendelea mwandikishe, kisha aanze na bunduki ndogo kwenye uwanja wa shabaha mpaka umwone haweki kidole kwenye kifyatulio bila kuambiwa.

Kuhusu buti: gambuti za mpira zinazofika chini ya goti, na zimbane. Kubwa zinabaki kwenye tope, mguu unatoka na soksi. Beba suruali ya akiba, soksi jozi mbili, na chai ya maziwa kwenye chupa.