Fundi Anajibu: Nani Amelowesha Shuu?

Mbukwenyi wasomaji. Masika yameisha, mizigo imeanza kutoka mashambani, na barua zangu nyingi safari hii ni za breki za nyuma za pikapu: dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, na shuu, vile vyuma viwili vilivyopinda vinavyotanuka ndani yake na kulibana. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana gari la ndugu huyu lina magonjwa mawili na fundi wake anatibu wa tatu.

*Shikamoo Mzee. Nina Toyota Hilux ya kabini moja, nabeba mpunga kutoka Bahi kuja Dodoma mjini, mara nyingine naupandisha Manyoni. Tangu Februari nimebadili shuu za nyuma kushoto mara mbili. Zikiwa mpya breki inashika vizuri wiki mbili hivi. Baada ya hapo, nikiwa mtupu tairi hilo linabana ghafla hata nikikanyaga kidogo, mkia unateleza kwenye changarawe. Nikiwa na magunia ni kinyume: nyuma kama hakuna breki, na padi za mbele zinaisha upesi. Fundi alifungua akakuta majimaji, akaosha shuu kwa petroli, akaziwasha moto zikauke. Sili ya mafuta alishabadili, ikavuja tena. Sasa anasema tununue dramu mpya. Mwaka jana niliongeza majani mawili ya springi kila upande. Je, uzito umeharibu kitu? – Msafirisha mpunga, Bahi*

Marahaba, mwanangu. Hela ya dramu irudishe mfukoni kwanza. Shuu hazilowi zenyewe. Kuna aliyezilowesha, na usipomjua, hata ukifunga shuu za dhahabu utaniandikia tena kabla mpunga haujaisha ghalani.

Kwenye dramu ya nyuma wanaoshukiwa ni wawili. Kuna mafuta ya breki, yanayotoka kwenye ile silinda ndogo iliyo juu kati ya shuu mbili, raba zake zikichoka. Na kuna mafuta ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, yanayotambaa na shafti inayozungusha tairi mpaka nje, sili ikishindwa kuyazuia. Barua yako haisemi ulikuta yapi. Chukua kikombe cha maji safi, dondoshea matone machache ya hayo majimaji. Yakichanganyika na maji, ni ya breki. Yakielea kama mafuta juu ya mchuzi, ni ya difu. Pua nayo inasaidia: mafuta ya difu yana harufu nzito ya kiberiti, ukiivuta mara moja huisahau. Halafu tazama kichupa cha mafuta ya breki kwenye boneti. Kama kimeshuka wakati padi za mbele bado nene, mtuhumiwa ni silinda. Kunja ile raba ya vumbi pembeni yake, ukikuta kumelowa ndani, usibishane.

Lakini kwa kuwa sili mpya imevuja tena, mimi kidole nakielekeza kwenye difu. Na hapa nikuambie aibu yangu mwenyewe. Mwaka 1989, nikiwa kijana mwenye spana tatu na kiburi cha spana hamsini, nilimbadilishia mteja sili moja mara tatu. Kila akirudi nilimlaumu muuza spea. Mara ya tatu mzee aliyenifundisha kazi aliingia uvunguni bila kusema neno, akang'oa kikofia kidogo juu ya nyumba ya ekseli, akakiweka mdomoni na kupuliza. Mashavu yakamvimba kama mpiga zumari, hewa haikutoka. Kilijaa udongo mkavu mgumu kama tofali. Akakitia kwenye mafuta ya taa, akarudi kwenye chai yake.

Kile ni kipumulio. Difu ikifanya kazi inapata moto, hewa iliyomo inatanuka na inatafuta pa kutokea. Kipumulio kikizibwa na matope, na wewe masika yote uko kwenye majaruba ya Bahi, hewa inasukuma mafuta kwenye sili. Sili ni mdomo wa raba tu, itavumilia mpaka lini? Kwa hiyo kabla ya sili nyingine, safisha kipumulio au kibadili. Fungua pia tundu la kujazia difu, gari likiwa limesimama sawasawa: mafuta yanatakiwa yafike ukingo wa chini wa tundu, yasizidi. Kuna watu wanainua gari upande mmoja wakajaza wakidhani wanalipendelea. Na mafuta yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga yote, weka mapya.

Shafti yako inatoka ukifungua nati nne nyuma ya bamba la breki, baada ya kutenganisha bomba la breki na waya wa hendibreki. Ikishatoka, pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukidumbukia kwenye mfereji, chuma kimelika, na sili yoyote utakayoweka itavuja. Zungusha beringi kwa mkono usikilize. Ikikwaruza au ikicheza, nayo ibadilishwe kwa mashine ya kukandamiza, si kwa nyundo na patasi kama nilivyoona pale karibu na Sabasaba. Wakati wa kurudisha, beba shafti kwa mikono miwili. Ukiiacha ilale juu ya sili mpya umeshaikata kabla gari halijawaka.

Shuu zilizochomwa moto zitupe. Moto unakausha uso, lakini mafuta yaliyozama ndani ya lainingi, ule uso wa shuu unaosugua dramu, yanapanda tena dramu ikipata joto. Lainingi iliyolowa haitabiriki: siku moja inateleza, siku nyingine inanata na kushika kwa pupa, ndiyo maana tairi lako linabana ukiwa mtupu. Na usibadili kushoto peke yake. Funga shuu nne, kulia na kushoto, seti moja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Dramu zioshe kwa maji ya sabuni na uzikaushe. Vumbi lililomo usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, lilowanishe ulifute. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, na mapafu hayana spea. Kama dramu ina michirizi, ipimwe kwanza kipenyo. Kipimo cha mwisho kimeandikwa kwenye dramu yenyewe kwa milimita. Ikiwa bado haijakifikia, na ikichongwa haitakivuka, peleka zote mbili kwenye lezi, mashine ya kuchonga chuma. Mpya ya nini?

Kwa kuwa bomba la breki lilifunguliwa, lazima mtoe upepo ulioingia ndani yake. Tumia mafuta ya breki ya kichupa kilichofunguliwa siku hiyo. Mafuta haya hunywa unyevu hewani: ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya kabisa hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango kinaruhusiwa kushuka mpaka 140. Ukiwa unateremka kutoka Manyoni kuja Kintinku na magunia mgongoni, tofauti hiyo ni pedali inayozama mpaka chini. (Na pale teremka na gia uliyopandia, breki si nanga.)

Huo ni ugonjwa wa kwanza. Wa pili uliusema mwenyewe bila kujua: majani ya springi. Ingia uvunguni, tazama juu ya ekseli. Pikapu nyingi za aina yako zina fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli mpaka kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesisi. Kazi ya valvu hiyo ni kugawa nguvu ya breki. Gari likiwa tupu, mkia ni mwepesi, valvu inapunguza nguvu ya nyuma ili matairi yasijifunge. Ukipakia, chesisi inakaribia ekseli, fimbo inasukuma valvu, nyuma wanapata haki yao. Sasa wewe umeongeza majani manne. Unapakia magunia, gari linakaa wima kama halijabeba kitu, na valvu inaamini hivyo. Breki ya nyuma inabaki ya gari tupu, ya mbele inabeba msiba wote. Padi zako zimeishia hapo.

Dawa ni kutoa majani ya ziada na kubeba uzito ambao gari liliumbiwa. Najua hutapenda. Ukikataa, basi fimbo irekebishwe na fundi mwenye geji ya kupima presha ya breki, mbele na nyuma, gari likiwa na mzigo na likiwa tupu. Ila nakukanya jambo moja, maana nimelikuta kwenye magari mawili ya Kibaigwa: usifunge ile fimbo kwa waya iwe juu muda wote. Siku ukirudi mtupu na mvua imenyesha, nyuma itajifunga kabla ya mbele na gari litageuka kutazama lilikotoka.

*Habari za kazi fundi. Pikapu yetu ya nyumbani, ukikanyaga breki mara ya kwanza pedali inakwenda chini sana. Ukikanyaga mara ya pili haraka inapanda na kushika vizuri. Hendibreki nayo inavutwa mpaka karibu na bega. Tumeambiwa masta silinda imekufa. – Mwalimu, Kondoa*

Njema, Mwalimu. Masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, inawezekana imekufa, lakini msiizike kabla ya kuipima. Gari likiwa tambarare, injini inawaka, vuta hendibreki mpaka ishike, kisha kanyaga pedali mara moja. Kama safari hii imepanda juu mara ya kwanza tu, masta silinda haina kosa: shuu za nyuma ziko mbali na dramu, na mkanyago wa kwanza unaishia njiani. Hendibreki yenu ya begani inasema jambo hilohilo. Lakini kama ukishikilia mguu palepale pedali inazama polepole, na hakuna panapovuja nje, hapo masta silinda ishukiwe. Na ikiwa inabonyea kama sifongo, kuna upepo.

Kusetia shuu ziisogelee dramu ni kazi ya saa moja. Zuia matairi ya mbele kwa mawe, legeza hendibreki, inua nyuma, weka stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Nyuma ya bamba kuna kizibo cha raba. Kichomoe, ingiza bisibisi, zungusha kigurudumu cha meno mpaka tairi likatae kuzunguka, halafu rudisha meno kidogo kidogo mpaka lizunguke kwa mkono na sauti ya mkwaruzo mwepesi. Fanya pande zote mbili. Waya wa hendibreki uguswe mwisho, na ikibidi tu. Mafundi wengi wanaanza na waya kwa sababu uko karibu. Shuu zinabaki mbali vilevile, na gari linatoka gereji likiwa na hendibreki nzuri na pedali mbovu. Mkikuta kigurudumu kimeganda kwa kutu, au lainingi imebaki chini ya milimita 2, fungueni kabisa.

*Mzee shikamoo. Mimi najifunza ufundi. Dramu ya nyuma imekataa kutoka, nimegonga nyundo mpaka mkono umevimba. – Kijana wa gereji, Kibaigwa*

Marahaba. Pumzisha mkono. Je, hendibreki umelegeza? Usicheke, nimewahi kusahau. Kama umelegeza, tazama uso wa dramu, utaona matundu mawili yenye nyuzi ambayo hayana kazi yoyote unayoijua. Safisha kutu, tafuta bolti mbili za milimita 8 zinazoingia, zikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Zitasukuma dramu itoke yenyewe. Ikisogea kidogo ikakwama, shuu zimenasa kwenye ukingo uliobaki dramu ilipolika. Rudisha meno ya ajasta, kile kigurudumu cha kusetia shuu, kupitia tundu la nyuma, kisha endelea.

Ikitoka, usifungue upande wa pili mpaka umalize huu. Ukisahau springi ipi inakaa wapi, ule mwingine ndio picha yako, ila utaisoma kama unajitazama kwenye kioo. Na mwambie aliyekaa kwenye usukani asikanyage breki dramu ikiwa chini. Pistoni za ile silinda ndogo zikiruka nje, utaniandikia barua nyingine.